Silii tena barabarani: je, wito umenitoka?

SWALI: Jambo mama. Mimi ni muuguzi, nina miaka 27, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi kwenye gari la wagonjwa hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Mwanzoni nilikuwa nikilia mara kwa mara. Sasa silii. Mwezi uliopita tuliitwa kwenye ajali, barabara ya Sake, gari dogo na pikipiki. Wawili walikuwa mahututi, na gari letu lina kitanda kimoja. Nilimpakia msichana aliyekuwa akivuja damu pajani, nikamwacha mzee aliyeumia kichwani. Tuliporudi, mzee alikuwa amekwisha fariki. Binti yake akanishika nguo, akapiga kelele kwamba nimemwacha baba yake kwa sababu si wa kwetu. Nilirudi nyumbani, nikala, nikalala. Mke wangu anasema nimekuwa jiwe. Je, nimepoteza wito? Niache kazi hii? Na haya ninayoyaona, nimweleze mke wangu au nimfiche?

JIBU: Mwanangu, umeuliza maswali matatu, ila naona la nne limejificha katikati yake: mzee yule angepona kama ningempakia yeye? Nitaanza na hilo, maana tukiliruka, haya mengine yatakuwa maneno ya kufariji tu.

Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kuishiwa damu katika dakika chache. Lakini ni jeraha ambalo dawa yake ya kwanza iko mikononi mwa mhudumu: kukandamiza, kufunga garo, yaani mkanda wa kubana damu isivuje, kumwahisha kwa mpasuaji. Jeraha zito la kichwa haliko hivyo. Barabarani unaweza kumfungulia mtu njia ya hewa, ukampa oksijeni ukiwa nayo, ukaizuia shingo isitikisike. Yaliyobaki yanataka chumba cha upasuaji na daktari aliyesomea ubongo, na wewe unajua kama nijuavyo mimi jinsi alivyo adimu mjini kwetu. Kwa hiyo kitanda ulimpa yule ambaye kitanda kingemfaa zaidi. Sitakuapia kwamba mzee angekufa tu. Hakuna ajuaye, na atakayekuambia anajua, awe anakutuliza au anakulaumu, anabahatisha.

Kanuni uliyoifuata ina zaidi ya miaka 200. Dominique Jean Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoleon, alishikilia kwamba majeruhi wahudumiwe kwa uzito wa jeraha bila kutazama cheo, na majeruhi wa adui aliwatibu pia. Ukiifikiria vizuri, kanuni hiyo ipo ili mtu kama wewe, akiwa amepiga magoti kwenye vumbi, asilazimike kuuliza nani ni wa kwetu na nani si wa kwetu. Binti yule alikushtaki kwa kosa lile lile ambalo kanuni inalizuia. Hakuwa anajua. Alikuwa anafiwa. Lakini katika mji huu shtaka la namna hiyo linachoma kuliko matusi yote mengine, na sina haja ya kukueleza kwa nini.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi, hata waganga, hulichanganya. Kuna mzigo unaotokana na hofu: uliona, ulisikia, ulidhani utakufa, na mwili unaendelea kuruka kila bati likigonga. Na kuna mzigo unaotokana na kutenda, au kushindwa kutenda, kinyume cha kile moyo wako unachokiita haki. Huo wa pili Jonathan Shay, daktari wa magonjwa ya akili aliyewatibu Wamarekani waliopigana Vietnam, aliufanya ueleweke kwa kuonyesha kwamba wagonjwa wake hawakuwa wakiteswa na hofu peke yake. Tuuite jeraha la dhamiri. Kwa Shay kiini chake kilikuwa usaliti: mwenye mamlaka amekiuka lililo haki wakati maisha ya watu yako hatarini. Waliomfuata wakaongeza yale ambayo mtu mwenyewe ameyafanya au ameyaacha.

Soma tena barua yako ukiwa na hilo kichwani. Umeandika mara mbili juu ya kumwacha mzee, na mara moja tu, tena kama jambo la kupita, kwamba gari lina kitanda kimoja. Nani aliamua kwamba barabara yenye malori, mabasi na pikipiki kama ile itahudumiwa na gari moja lenye kitanda kimoja? Si wewe. Kuna watu wanaosaini bajeti, kuna vita vilivyokula kila kitu, kuna viongozi ambao kwa miaka mingi hawakuona gari la wagonjwa kuwa jambo la dharura. Matokeo ya maamuzi yao yalishuka yakakukuta wewe, saa ile, ukiwa na garo moja mkononi. Unaubeba mzigo wote kama mali yako binafsi. Sehemu yake kubwa ina wenyewe.

Jeraha la namna hii halitulizwi kwa mazoezi ya kupumua. Linatulizwa kwa kulipitia tukio na watu wanaoijua kazi. Tafuta wenzako wawili au watatu, mmoja awe amekuzidi miaka, mkae mpitie hatua kwa hatua: ulifika saa ngapi, uliona nini kwanza, ulikuwa na vifaa gani, uliamua nini kwa kile ulichokijua dakika ile. Dakika ile, si baadaye. Kosa la kawaida ni kuuhukumu uamuzi kwa mwisho wake. Ungempakia mzee na msichana akafa, leo ungekuwa unaniandikia barua hiyo hiyo juu ya msichana.

Je, uende kwa wafiwa? Hukuuliza, lakini wengi huniuliza, na nadhani litakujia usiku. Si sasa. Na usiende peke yako, wala usiende kujieleza. Matanga yakiisha na hasira ikipungua, umtume mzee wa mtaa au chifu wa nyumba kumi aulize kama familia ingependa kukuona. Wakikataa, umeheshimu. Wakikubali, nenda na mtu mzima, toa pole, jibu watakachouliza kwa ufupi, unyamaze. Wapo niliowaona wakitoka huko wepesi kuliko baada ya miezi ya mazungumzo na mtu kama mimi. Wapo pia waliotukanwa upya. Ndiyo maana mzee wa mtaa anatangulia.

Tuje kwenye jiwe. Ulirudi nyumbani, ukala, ukalala. Mimi nikisoma hivyo sishtuki, nashukuru. Mtu asiyelala siku tatu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Ganzi unayoisikia kazini ni chombo cha kazi: mhudumu anayelia juu ya mshipa unaoruka damu hawezi kuubana. Ulipokuwa mgeni ulilia kwa sababu chombo hicho hukuwa nacho bado.

Waulize wakubwa wako waliokuwepo Ebola ilipoingia Goma, Julai 2019, jinsi tulivyofunzwa yale mavazi ya kinga. Kuvaa halikuwa tatizo kubwa. Hatari ilikuwa kwenye kuvua: unavua polepole, kwa mpangilio, mahali palipotengwa, unaosha mikono katikati ya hatua, na kuna mwenzako amesimama anakutazama, kwa sababu umechoka na mtu aliyechoka hujigusa uso bila kujua. Ganzi ni hivyo hivyo. Kazi inakufundisha kuivaa, hakuna anayekufundisha kuivua, na wewe umekuwa ukiingia nayo mpaka kitandani.

Kwa hiyo tafuta mahali pa kuvulia, na pasiwe mlangoni kwako. Zamu ikiisha, badilisha nguo huko huko kazini hata kama ni nyuma ya gari. Oga kama maji yapo. Najua maji ya Goma. Kabla ya kuachana na dereva wako, ulizaneni kitu kimoja: leo kipi kimekugusa? Jibu moja linatosha, hata kama ni "hakuna". Dereva husahaulika, lakini anaona yote kupitia kioo na hana hata cheo cha uuguzi cha kujifichia. Kisha, ukipanda pikipiki kurudi, shuka kabla ya kwenu, utembee kipande. Usifungue vikundi vya WhatsApp vinavyosambaza video za ajali, hasa ajali uliyotoka kuihudumia. Unacheka? Wapo wanaofanya hivyo kila siku, wakitafuta kujua kama wameonekana kwenye picha.

Utajuaje kwamba ganzi imekuwa ugonjwa? Swali langu huwa ni hili: mtoto wa jirani akifanya kichekesho, unacheka? Ganzi ya kazi huzuia huzuni wakati wa kazi. Ganzi ya ugonjwa haichagui. Inachukua na furaha, na mpira, na hamu ya kula sambaza, wale samaki wadogo uwapendao, na hamu ya mke. Pamoja nayo huja mengine: picha ya tukio inajirudia hata ukiwa macho, unaikwepa barabara fulani, unashtuka kwa sauti ndogo, unamfokea mgonjwa, unaendesha kama mtu asiyejali kurudi. Hayo yakikaa zaidi ya mwezi, hayo si tabia yako mpya, ni ugonjwa unaotibika. Mawazo ya kwamba ni afadhali kufa hayangoji mwezi. Hayo ni siku hiyo hiyo, unamwambia mtu, unapelekwa.

Na hutakuwa wa ajabu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya tafiti za waokoaji wa nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba takriban mmoja kati ya kumi ana ugonjwa wa msongo unaofuata tukio la kutisha, na watu wa magari ya wagonjwa walizidi wazima moto na polisi. Sehemu ya sababu naiona hivi: kazi yenu kwa asili yake hushindwa mara nyingi, na hakuna anayewaambia. Hata Marekani, kwenye vifaa vyote vile, mtu ambaye moyo wake umesimama nje ya hospitali ana nafasi ya takriban mmoja kwa kumi ya kurudi nyumbani. Kijana anaingia kazini akidhani atakuwa anaokoa, akishindwa anadhani tatizo ni yeye.

Tena vitabu vingi vya kutibu majeraha haya viliandikwa kwa watu waliorudi kutoka vitani. Wewe hujarudi, kwa sababu hukuwahi kuondoka. Ulikuwa mtoto mdogo lava ilipoingia mjini tarehe 17 Januari 2002, na pengine ulikimbia tena Mei 2021. Novemba 2019 ndege iliangukia nyumba za watu mtaa wa Mapendo. Oktoba 2024 boti ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hospitali zetu zilijaa majeruhi mpaka wakalala chini. Mhudumu wa Goma akifungua mlango wa gari anaweza kumkuta shangazi yake, na akimaliza zamu hurudi kulala katika mji ule ule. Usijipime kwa kipimo cha mtu wa Ulaya.

Sasa wito. Nitasema jambo ambalo baadhi ya wachungaji hawatalipenda. Wito hauthibitishwi kwa machozi, na wala si lazima utangulie kazi. Mwaka 1967, huko Pittsburgh, Marekani, daktari Peter Safar, mmoja wa walioanzisha ufufuaji wa moyo na mapafu tunaoutumia leo, alisaidia kuunda huduma ya gari la wagonjwa iliyoitwa Freedom House. Kabla yake wagonjwa wa mtaa wa Hill District walibebwa na polisi, wakitupwa nyuma ya gari bila huduma njiani. Waliofunzwa walikuwa vijana weusi wa mtaa huo, wengi wao hawakuwa na ajira. Walikuja kwa sababu ilikuwa kazi. Wakawa mfano ambao nchi nzima iliiga, ingawa jiji lao lenyewe liliifunga huduma hiyo mwaka 1975. Mapenzi ya kazi yaliwakuta wakiwa kazini. Yanaweza pia kupungua wakiwa kazini, kisha yakarudi. Hayo hutokea hata katika ndoa.

Ninalochukia ni wito unapogeuzwa fimbo. Mhudumu anaomba siku moja ya kupumzika baada ya kumpoteza mtoto mikononi, anaambiwa: wewe si ulisema una wito? Posho inachelewa miezi, anaambiwa malipo yako mbinguni. Kisha mwisho wa mwaka inaletwa semina ya kujitunza, soda moja na fulana. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019, linaeleza uchovu wa kazi kuwa ni matokeo ya msongo wa kudumu wa mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa vizuri. Mahali pa kazi. Halikusema matokeo ya imani ndogo. Kwa hiyo, mwende kwa mkuu wenu pamoja, si wewe peke yako, muombe mambo yanayowezekana: asiyekuwa kwenye zamu apatikane kwa simu siku ya majeruhi wengi, kuwe na machela ya pili ya kukunjwa garini, atakayempoteza mtoto asirudishwe barabarani siku hiyo hiyo. Machela ya pili haiokoi kila mtu, lakini swali lako la mwezi uliopita lingekuwa jingine.

Kuhusu msaada, tahadhari chache. Wakikuita kwenye kile kikao kimoja ambamo kila mtu analazimishwa kusimulia tukio kinaganaga mara tu baada ya kutokea, unaweza kukataa kusimulia. Tafiti zilipopitiwa, kikao cha mara moja cha namna hiyo hakikuonekana kuzuia ugonjwa, na katika baadhi ya watu kilionekana kuongeza madhara. Kinachofaa siku za kwanza ni kitu rahisi zaidi: mtu anayekaa nawe, anahakikisha umekula, umefika salama, na anasikiliza kama unataka kusema. Vidonge vya kutuliza, kama Valium, vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa kama pipi usivifanye rafiki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2013 kwamba dawa za kundi hilo watu wazima wasipewe kwa dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, ni hivyo hivyo. Inaleta usingizi, kisha inauharibu alfajiri. Ukifika mwezi na dalili zipo, tiba ya mazungumzo iliyolenga tukio lenyewe ndiyo yenye ushahidi. Hapa Goma kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Karita kimezoea wagonjwa wa akili wa kila aina, na hospitali kadhaa zina wanasaikolojia. Usione haya kukaa kwenye benchi lao. Utakuta nusu ya watu unaowajua.

Kusali, sali. Lakini ukiambiwa kwamba roho ya mzee inakufuata na unahitaji kufunga siku saba bila chakula kabla ya zamu ya usiku, tafadhali kula.

Niache kazi? Nisingeamua mwezi huu. Uamuzi mkubwa uliofanywa ndani ya jeraha mara nyingi ni njia ya kulikimbia jeraha, nalo huhama nawe. Omba wiki mbili za kazi ya wodi au ya stoo, kama inawezekana. Pitia tukio na wenzako. Jipime na lile swali la kichekesho. Baada ya miezi mitatu, kama bado kila king'ora kinakukausha mdomo na hakuna siku uliyorudi ukiwa na jambo moja la kuridhika nalo, basi hama, na uhame bila aibu. Muuguzi mzuri wa wodi ya wazazi aliyetokea barabarani ni hazina. Anajua kutulia damu ikimwagika. Mtu kuitumikia barabara miaka mitatu si kidogo.

Mke wako. Mweleze ulivyo, usimweleze ulichokiona. Kuna tofauti kubwa kati ya "leo nimemwacha mtu nyuma na nimeumia" na maelezo ya jeraha la kichwa. La kwanza linamfungulia mlango, la pili linampa usiku wako auote yeye. Isitoshe wagonjwa wana siri zao, na Goma ni ndogo. Yule msichana anaweza kuwa mpwa wa jirani yenu. Kubalianeni neno moja la siku mbaya, ili ukiingia na kulisema asikuulize kitu kwa saa moja na asidhani umemchukia. Kisha, saa hiyo ikipita, rudi kwake kweli. Amekuita jiwe kwa sababu anabisha na hafunguliwi. Anza na habari ya mzee, Jumamosi mkitoka salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, mchana, si usiku mkiwa mmelala. Mwambie habari ya kitanda kimoja. Akiuliza zaidi, jibu kwa kadiri ya swali lake.

Na kama bado una picha za ajali kwenye simu, zile mlizopiga kwa ajili ya ripoti, mkabidhi mkuu wa zamu zinazohitajika na uzifute zote leo, kabla mtoto hajaiomba simu kucheza.